Jinsi ya kumpinga mtoa mada mbele ya ukumbi bila kuvunjiana heshima: mwongozo kamili kwa watu wa mizigo na bandari Mombasa

Kila kongamano likiisha naletewa malalamiko yale yale. Kuna wale waliokaa kimya siku mbili nzima, wamesikia takwimu wanajua kabisa haiko sawa, halafu jioni wakifika nyumbani ndo wanalipuka kwenye grupu ya WhatsApp. Na kuna wale walioshika maiki wakaongea mpaka moderata, yule anayeongoza kikao, akawanyang'anya, wakataja mtu na ofisi yake na siku ambayo alikataa kupokea simu, ukumbi ukanguruma, na baada ya hapo barua zao zinakaa mezani bila jibu. Hawa wote wamekosa kitu kimoja, manake ile takwimu iliyowaudhi bado iko pale pale kwenye slaidi na itasomwa tena Nairobi na Kampala.

Msimamo wangu ni kwamba heshima inamhusu mtu na ubishi unahusu dai, na ukivitenganisha hivo viwili kabla hujasimama unaweza kubisha vikali sana na bado mkanywa chai pamoja. Sekta yetu inahitaji ubishi huo, kwa sababu maamuzi yanayotoka kwenye hizi kumbi yanaingia kwenye gharama za kontena lako. Nimetumia mifano ya bandari kwa vile ndiyo ninayoijua, lakini mtu wa hoteli au wa majani chai anaweza kufuata hatua hizi hizi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaingia ukumbini

- Ratiba ya kongamano, na uwe umeweka alama kwenye vikao viwili au vitatu tu ambavyo una neno navyo. Ukitaka kuchangia kila kikao, kufika saa nane mchana hakuna anayekusikiliza.
- Slaidi au muhtasari wa mada. Waandaaji wengi wanatoa ukiomba mapema, na kuomba si ujeuri.
- Karatasi MOJA yenye takwimu zako na pale zilipotoka. Ikiwa ni mafaili ya ofisi yako, futa majina ya wateja kwanza.
- Kadi ndogo ya kuandikia swali. Usiandike kwenye simu, kioo kikizima ukiwa umesimama unababaika.
- Mwenzako mmoja wa kukusomea swali lile kabla hujalisema. Chagua mtu anayeweza kukwambia "hapo umetukana", usichague shabiki wako.
- Majina na vyeo vya waliokaa jukwaani, vimeandikwa sawa sawa.

## 1. Usome ukumbi kwanza

Si kila saa ya kongamano ni saa ya kubisha. Kikao cha ufunguzi, pale ambapo kuna mgeni rasmi, wadhamini na kamera, kimepangwa kwa hotuba. Ukisimama pale kupinga, mwandaaji anaona umemharibia shughuli na hoja yako inasahaulika hata kama ni kweli tupu. Ngoja paneli, ngoja vikao vidogo vya mchana, huko ndiko wenye kazi wenyewe huwa wamebaki.

Angalia na saa za kwetu. Kikao cha mwisho kabla ya swala ya Ijumaa kila mara kinabanwa, kwa hivo kama mada yako iko hapo mwambie moderata mapema au uwe mtu wa kwanza kuinua mkono. Kikao cha mwisho cha siku ya mwisho nacho watu wanachungulia saa kwa sababu wana treni au ndege, hapo usianzishe jambo zito.

Na ujue kuna mada zenye kidonda. Ukitaja reli na malori Mombasa, wengi humo ndani wanakumbuka ile amri ya 2019 ya kutaka makontena yapande treni na maandamano yaliyofuata hapa mjini, kuna watu walipoteza kazi na biashara. Hapo sauti yako iwe ya chini zaidi na takwimu zako ziwe safi zaidi.

Dalili kwamba umefanya sawa: unaweza kutaja kikao kimoja, saa yake na moderata wake, na unajua ni nani humo ndani ataumia na swali lako.

## 2. Andika dai unalolipinga, kwa maneno yake mwenyewe

Hii ndo hatua inayoangusha watu wengi kuliko zote, na nitakaa hapa kidogo.

Mtoa mada anasema "kontena sasa linakaa bandarini siku tatu". Wewe una mafaili ya wateja wako, unaona siku sita, saba, lingine limekaa ishirini. Damu inapanda, unasema huyu anadanganya. Polepole. Andika kwenye kadi yale maneno yake, halafu jiulize maswali matatu.

*Anaanza kuhesabu wapi na anaishia wapi?* Kuna anayehesabu tangu kontena liliposhushwa melini mpaka lipite geti, mwingine anaanza pale nyaraka za forodha zilipoingizwa kwenye mfumo. Hizo ni hesabu mbili tofauti kabisa, na zile siku ulizohangaika kutafuta hati ya mzigo kwa wakala wa meli zinaweza kuwa hazimo kwenye hesabu yake.

*Makontena gani yamo?* Kontena likipandishwa treni kwenda bandari kavu, yaani kituo cha makontena cha bara, ya Embakasi au Naivasha, kwa Mombasa limeshaondoka, limekaa muda mfupi na takwimu inapendeza. Lakini mwenye mzigo bado anasubiri, saa hii anasubiria bara. Mzigo wa transit, yaani unaopita tu kwenda Uganda, Rwanda, Kongo au Sudan Kusini, nao una mambo yake, ukiuchanganya na wa hapa nchini hesabu inabadilika.

*Ni wastani wa aina gani?* Chukua makontena matano yaliyokaa siku 2, 2, 3, 3 na 20. Ukijumlisha ukagawa kwa tano unapata siku 6. Ukiyapanga kwa mstari ukachukua la katikati unapata siku 3. Yeye amesema tatu, wewe umesema sita, na hakuna aliyedanganya. Lile moja la siku 20 ndilo lililokuumiza wewe na mteja wako, na ndilo linalofaa kuulizwa.

Umeona sasa? Ungesimama ukasema "uongo" angekujibu kwa nusu dakika akakuacha umesimama hapo na aibu. Ukiuliza anahesabu vipi, analazimika kueleza, na ukumbi wote unafaidika hata kama wewe ndiye uliyekosea.

Kabla hujaendelea linganisha na kitu kilichochapishwa. Mamlaka ya bandari ina takwimu zake, na mamlaka ya Northern Corridor, ile njia ya mizigo kutoka Mombasa kwenda nchi za bara, yenye makao hapa hapa Mombasa, hutoa ripoti za uangalizi wa usafiri kwenye ukanda mzima. Ukisimama na ripoti na ukurasa wake, hata bosi mkubwa anakusikiliza tofauti.

Onyo: usipinge kitu ulichosikia nusu. Kama ulikuwa nje unapokea simu, muulize jirani yako alisemaje hasa.

Dalili: kadi yako ina sentensi moja ya dai, sentensi moja ya takwimu yako na chanzo chake.

## 3. Chagua mahali pa kulisemea

Dai linalowahusu wote walio ukumbini, lisemee kwenye maiki. Kosa dogo la uchapaji, kwa mfano mwaka umeandikwa vibaya au tarakimu moja imeruka, mfuate mtoa mada wakati wa chai ya saa nne umwambie kimya kimya, arekebishe mwenyewe mchana, na huyo hatakusahau. Faili lako binafsi lililokwama, kontena lako wewe na demareji yako wewe (ile ada ya kontena kuchelewa), hilo ni la korido au la ofisini, na nasema hivi nikijua linavyouma, manake kila siku inayopita ni pesa. Ukilileta kwenye maiki watu mia mbili wanageuka mahakimu wa kesi wasiyoijua na afisa anajitetea badala ya kukusaidia.

Tuhuma za rushwa zina mlango wake. Kama una ushahidi upeleke kwa tume ya maadili na kupambana na ufisadi, usiutupe ukumbini. Katiba yetu kifungu cha 33 inakupa uhuru wa kusema, na kifungu hicho hicho kinakutaka uheshimu haki na sifa za wengine, halafu kuna sheria ya kashfa. Mtu aliyetajwa jina mbele ya watu akahusishwa na wizi anaweza kukupeleka mahakamani, na hapo "kila mtu anajua" haikusaidii kitu.

Jambo jingine ambalo watu hawalifikirii, mkiwa washindani wa biashara moja mmeketi meza moja, msianze kukubaliana bei. Ubishi ukipanda ni rahisi mtu kusema "basi sote tusishuke chini ya bei fulani". Sheria ya ushindani ya 2010 inakataza makubaliano ya namna hiyo na vyama vya wafanyabiashara haviko nje yake. Akianza mtu, sema wazi hutaki mazungumzo hayo, na ukiweza ondoka.

## 4. Mpe taarifa kabla

Wengi wanaona hii ni kujikomba. Mimi naona ni uungwana na pia ni akili. Mtafute mtoa mada au moderata kabla ya kikao, sema: "Nina swali kuhusu slaidi yako ya siku za kukaa bandarini, takwimu zangu ziko tofauti, ningependa tulijadili mbele ya watu kama huna neno."

Sababu ni kwamba mtu aliyeshtukizwa anajibu kujilinda, na mtu aliyejiandaa anajibu swali. Akikwambia "takwimu hiyo ni ya mwaka juzi, nitalisema mwenyewe", umeshapata ulichotaka bila hata kusimama.

Ikiwa mwajiri wako ndiye mdhamini wa kongamano au ana kesi na ofisi hiyo, mwambie bosi wako pia. Usimwache asikie kwa watu.

## 5. Lijenge swali lako

Vipande vinne, kwa mpangilio huu, usizidi dakika moja:

Kwanza salamu, jina na kazi yako, kwa ufupi. Usituhadithie kampuni ilianza lini. Pili, dai ulilolisikia, kwa maneno yake. Tatu, ulichonacho wewe na kilipotoka. Nne, swali moja, moja tu, linaloweza kujibiwa.

Hivi ndivyo watu wanavyosema mara nyingi:

"Mimi kwa kweli nimeshangaa, hizo namba zenu ni za kutunga, nyinyi mnakaa kwenye AC hamjui tunavyoteseka pale getini, na hii si mara ya kwanza, hata mwaka jana mlisema hivi hivi, sasa mnataka tufanye nini?"

Ndani ya maneno hayo kuna hoja ya haki kabisa, lakini hakuna swali. Afisa atasema "tunasikia kilio chenu" na maiki itaenda kwa mwingine. Sasa sikia hii:

"Shukran Bwana Mwenyekiti. Mimi ni ejenti wa klaringi hapa Mombasa. Injinia, nimekusikia ukisema kontena linakaa siku tatu. Kwenye mafaili yetu ya mwezi uliopita tumepata siku sita, tukihesabu tangu liliposhushwa mpaka kupita geti. Naomba kujua, hesabu yenu inaanzia wapi, na yale yanayopanda treni yamo ama hayamo?"

Hii ya pili ndiyo kali. Imemwacha mtu na heshima yake lakini haijamwachia pa kutorokea, na anayeandika ripoti ya kikao ana kitu cha kuandika.

Maneno ya kufuta kwenye kadi yako: uongo, aibu, nyinyi watu, kila siku, hamjui. Weka "nimesikia", "tumepata", "naomba ufafanuzi", "hapo sikubaliani kwa sababu". Hiyo ya mwisho usiiogope, kusema wazi sikubaliani ni adabu kuliko kuzunguka zunguka watu wasijue unataka nini.

Dalili: mwenzako akiisoma kadi anaweza kurudia swali lako bila kutazama.

## 6. Kwenye maiki

Simama, ngoja maiki ifike, ishike karibu na mdomo, ongea taratibu. Moyo utakwenda mbio, ni kawaida, soma kadi yako tu.

Kwetu mkubwa anapingwa kwa idhini. "Mzee wangu, kwa idhini yako, hapo nina maoni tofauti" inafungua mlango ambao "wewe umekosea" ungeufunga. Nahodha mwite kapteni, mhandisi mwite injinia, daktari mwite daktari. Na hili nalisema kwa uchungu kidogo: mara nyingi nasikia wanaume wa jukwaani wanaitwa kwa vyeo vyao na mwanamke aliyekaa nao, mwenye cheo kile kile, anaitwa "dada yetu" ama "mama". Nje ya ukumbi ni neno zuri. Kwenye maiki linamshusha, mwite cheo chake kama wenzake.

Lugha, tumia ile unayoimudu. Ukumbi ukiwa unaendeshwa kwa Kiingereza na wewe Kiswahili ndicho kinachokutoka vizuri, omba ruhusa uongee Kiswahili, watu wa hapa hawatakukatalia. Hoja nzuri iliyosemwa kwa lugha ya kubabaisha inaonekana dhaifu bure.

Ukumbi ukikupigia makofi katikati usiyafuate. Makofi ndiyo yanayowafanya watu waongeze lile neno moja la kuharibu, na wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

## 7. Kupokea jibu

Kaa chini, sikiliza, andika. Una nafasi ya kufuatilia mara moja tu, na iwe kwenye swali lile lile: "Nashukuru, kwa hivo ya treni hayamo, ni sawa?" Basi. Ukirudi mara ya tatu umeshageuza kikao kuwa chenu wawili na unawala wenzako muda.

Akisema "hilo tutalijibu baadaye", usinung'unike. Uliza kwa upole ni nani atakayejibu na kufikia lini, mbele ya watu. Ahadi iliyosikiwa na ukumbi mzima ina uzito.

Akikuonyesha umekosea sema "nimeelewa, asante kwa kunirekebisha" ukae. Hujashuka hata kidogo, nawaambia ukweli, mwakani watu hao hao watakuwa wa kwanza kukusikiliza.

## 8. Ukiwa wewe ndiye uko jukwaani

Lirudie swali kwa maneno yako kabla ya kujibu, ili aliyeuliza ajue umemsikia na wa nyuma nao wasikie. Kama hujui, sema hujui na utatafuta. Usimuulize mtu "kwani wewe ni nani" wala "umefanya kazi hii miaka mingapi", huko ni kumpiga mtu badala ya hoja, na ukumbi unaliona.

Ukiulizwa kwa matusi, chomoa swali lililo ndani ulijibu hilo. "Nimesikia hasira, na nimesikia swali kuhusu geti, nitajibu la geti."

## 9. Ukiwa moderata

Taja kanuni mwanzoni: dakika moja kwa swali, hoja si mtu, na kama kikao kinarekodiwa watu waambiwe. Mkitaka maofisa waongee kwa uwazi, tangazeni kanuni ya Chatham House, yaani waliomo wanaweza kutumia kilichosemwa lakini hawatasema nani alikisema wala anatoka wapi. Itangazwe kabla ya mazungumzo kuanza, na iwafunge pia wale wanaotuma skrinishoti.

Mtu akivuka mpaka mkate mapema, kwa jina na kwa upole: "Naomba urudi kwenye swali." Ukingoja atukane mara ya tatu ndo umnyamazishe, itaonekana umemnyamazishia hoja. Na usimpe maiki bosi peke yake, tafuta na vijana wa nyuma, dereva wa lori aliyealikwa, mama mwenye ghala dogo, hao ndio wanaokaa getini.

## 10. Baada ya kikao

Mfuate mtoa mada, mpe mkono, mwambie ulichokipenda kwenye mada yake kama kipo. Usibuni.

Kwenye grupu ya WhatsApp andika swali na jibu, yote mawili, bila kumchora mtu. Usikate vidio ukatuma zile sekunde kumi alizobabaika tu.

Ndani ya siku mbili tatu tuma barua pepe fupi:

"Habari Injinia. Nashukuru kwa majibu ya jana kuhusu siku za kukaa bandarini. Kama tulivyosikilizana, nimeambatisha karatasi ya mafaili yetu, majina ya wateja nimeyafuta. Ulisema utatupatia hesabu yenye makontena ya reli, naomba kujua tuitarajie lini."

Wiki mbili zikipita kimya, peleka kupitia chama chenu kwa barua rasmi, nakala kwa mwandaaji wa kongamano, na uambatishe karatasi ile ile moja. Ikija hesabu mpya na ikawa takwimu yako ndiyo ilikuwa na kasoro, andika hivo kwenye grupu ile ile uliyolalamikia. Ikiwa yake ndiyo imebadilika, tuma slaidi mpya kwa wenzako bila kuongeza neno juu ya mtu, na umshukuru kwa jina na cheo chake.